Aljebra ya mwaka wa kwanza chuoni: nirudie nini kwanza, na kwa nini jibu sahihi linakataliwa?

Kalamu_na_Karatasi

Habari wakuu. Kozi ya utangulizi wa aljebra inaanza mwezi ujao, na hesabu za sekondari zimelala muda mrefu. Mada ni milinganyo ya mstari, grafu, kutafuta vigawo, sehemu zenye herufi, vipeuo, kwadratiki, fanksheni, na mwishoni logarithimu. Naomba msaada kwa mambo matatu.

Kwanza, muda hautoshi kurudia kila kitu. Nianzie wapi?

Pili, kuna maswali matatu ambayo nikifuata hatua zangu sioni kosa, lakini kitabu kina jibu tofauti:

a) x² = 5x. Nimegawanya kwa x, nikapata x = 5. Kitabu kinasema majibu ni mawili.
b) x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2. Nimepata x = 3. Kitabu kinasema hakuna jibu.
c) √(x + 7) = x − 5. Nimepata 2 na 9. Kitabu kimekubali 9 peke yake.

Tatu, wengi husema mazoezi ya nyumbani wanayaweza, ila mtihani unawaangusha. Hii inatokana na nini, na inazuilika vipi?

Kipeo2

Kwa swali la kwanza: kinachoangusha watu kwenye kozi hii mara nyingi si aljebra yenyewe, ni hesabu zilizo chini yake. Mtu anajua vizuri namna ya kutatua mlinganyo, kisha kwenye mstari wa tatu anaandika 5/6 − 3/8 = 2/(−2), na swali zima limekwenda na maji. Kwa hiyo kabla hujafungua sura ya kwanza, jipime. Weka kikokotoo mbali na ufanye haya:

1) 7 − 2(3 − 5)
2) −3² na (−3)²
3) 5/6 − 3/8
4) 2/3 ÷ 4/9
5) 10 − 3 + 2
6) 2 × 3²
7) 2⁻³
8) Fungua mabano: −(x − 4)
9) Thamani ya (x + 3)² na ya x² + 9 pale x = 2

Majibu: 11; −9 na 9; 11/24; 3/2; 9; 18; 1/8; −x + 4; 25 na 13.

Angalia umekosea wapi, maana kila kosa lina chanzo chake. Ukipata 3 au −10 kwenye la kwanza, tatizo ni alama hasi mbele ya mabano au mpangilio wa matendo. Ukipata −8 au −6 kwenye la saba, hujashika kwamba kipeo hasi kinapeleka namba kwenye asili (namba ya chini) ya sehemu na hakibadilishi alama yake. La tisa ndilo muhimu kuliko yote. Linaonyesha kwamba (x + 3)² si x² + 9. Ni x² + 6x + 9. Kosa hilo moja litakufuata kwenye vigawo, kwenye vipeuo, kwenye grafu na kwenye fanksheni.

Kuhusu mpangilio wa matendo: MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasaidia lakini ina mitego miwili. Kwanza, vipeo havimo. Viweke mara baada ya mabano, ndiyo maana 2 × 3² ni 18 na si 36. Pili, JU kutangulia TO kunapotosha. Kujumlisha na kutoa vina ngazi moja, unavifanya kwa kufuata mstari kutoka kushoto. Aliyejumlisha kwanza kwenye 10 − 3 + 2 anapata 5, na jibu ni 9. (GA kutangulia ZI hakuna madhara, ukianza kugawanya, jibu linabaki lilelile.)

Ukikosa zaidi ya mawili kati ya hayo tisa, tumia wiki mbili za mwanzo kwa sehemu, alama na vipeo tu. Ukipata yote, nenda moja kwa moja kwenye milinganyo ya mstari na kutafuta vigawo.

Mkokotoaji

Nachukua yale matatu, kwa sababu yote yana mzizi mmoja. Kutatua mlinganyo ni kuandika mistari ambayo kila mmoja una majibu yaleyale ya mstari uliotangulia. Kila unapofanya jambo pande zote mbili jiulize: je, ninaweza kurudi nyuma kutoka mstari huu hadi ule wa juu bila shaka yoyote? Ukijumlisha au ukitoa kitu kilekile, unaweza. Ukizidisha au kugawanya kwa namba isiyo sifuri, unaweza. Zaidi ya hapo kuna hatari.

a) Ulipogawanya kwa x ulichukulia kwamba x si sifuri, bila kuambiwa na mtu. Kumbe sifuri nayo ni jibu: 0² = 5 × 0. Kugawanya kwa herufi hupoteza majibu. Njia salama ni kupeleka vyote upande mmoja, x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, hivyo x = 0 au x = 5.

b) Hapa umezidisha pande zote kwa (x − 3), ukapata x = 3 + 2(x − 3), yaani x = 2x − 3, na x = 3. Hesabu yako haina kosa. Lakini x ikiwa 3, ulizidisha pande zote kwa sifuri, na ukizidisha kwa sifuri chochote kinalingana na chochote. Mlinganyo wa mwanzo una x − 3 kwenye asili, kwa hiyo 3 ilikuwa imekatazwa tangu mwanzo. Kabla ya kugusa sehemu zenye herufi, andika pembeni: x ≠ 3. Jibu ukilipata, lilinganishe na katazo hilo.

c) Kupandisha pande zote kwa kipeo cha pili huingiza majibu bandia, kwa sababu −3 na 3 zikipandishwa zote zinatoa 9. Ulipata x + 7 = x² − 10x + 25, yaani x² − 11x + 18 = 0, yaani (x − 2)(x − 9) = 0. Sasa rudisha kwenye mlinganyo wa kwanza kabisa. Kwa 9: √16 = 4, na 9 − 5 = 4, sawa. Kwa 2: √9 = 3, lakini 2 − 5 = −3, hailingani. Zingatia kwamba ukikagua 2 kwenye mstari wa pili, ule uliokwisha kupandishwa, itapita: 9 = 9. Ukaguzi ni kwenye swali lilivyoandikwa, siyo kwenye mstari wowote wa katikati.

Kwa maswali yenye < na > kuna jambo la ziada: ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, alama inageuka. −2x < 6 inatoa x > −3. Na usizidishe kwa herufi kabisa, maana hujui kama ni chanya au hasi.

BiHesabu

Ningeongeza jambo kwa sababu naliona kila muhula kwenye karatasi za wanafunzi: ile kanuni ya "ukihamisha unabadilisha alama". Ni chanzo cha makosa mengi kuliko faida yake. Mtu anaona 3x = 12, anahamisha 3 na kubadilisha alama, anaandika x = 12 − 3. Mwingine anaona −3x = 12, anahamisha, anabadilisha alama, anapata x = 4. Hakuna kinachohama. Kwenye x + 3 = 12 umetoa 3 pande zote mbili; kwenye 3x = 12 umegawanya pande zote kwa 3; kwenye −3x = 12 umegawanya kwa −3 na jibu ni −4. Andika tendo lenyewe chini ya kila upande.

Pia acheni kutumia alama ya = kama nukta ya kuunganisha mawazo. Naona 2x + 6 = 20 = 14 = 7. Hakuna hata kimoja hapo kinacholingana na kinachokifuata. Robert Recorde alipoiingiza alama hiyo mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba, kwa maelezo kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Basi iheshimiwe: mlinganyo mmoja, mstari mmoja, na unaofuata unaandikwa chini yake, alama za = zikiwa zimepangana wima. Ukiandika hivyo kosa lako utaliona mwenyewe kabla msahihishaji hajaliona.

Kipeo2

Bi Hesabu, nakubaliana na yote isipokuwa kuitupa "hamisha" moja kwa moja. Mtu akishaelewa kwamba ni kifupi cha kujumlisha au kutoa pande zote, inaokoa muda, na kwenye mtihani muda una uzito. Sharti langu ni moja: itumike kwa vipande vya kujumlisha na kutoa pekee. Namba iliyozidisha herufi haihamishwi, inagawanywa.

BiHesabu

Kwa sharti hilo sina ugomvi, ila lisitangulizwe. Wiki tatu za kwanza aandike tendo kamili.

Na kuna ndugu yake, "kukata". (x + 6)/6 watu wanakata 6 kwa 6 na kubakiza x. Jaribu x = 6: 12/6 ni 2, wala si 6. Unaruhusiwa kukata kile kinachozidisha kiasi chote (cha juu) na asili yote (ya chini). (x² − 9)/(x − 3) inakatika baada tu ya kuandikwa (x − 3)(x + 3)/(x − 3), na inabaki x + 3, kwa x isiyo 3. Ukiona alama ya kujumlisha au kutoa ambayo haijafungwa ndani ya kigawo, weka kalamu chini kwanza.

Kalamu_na_Karatasi

Asanteni sana, (b) na (c) sasa zimeeleweka kabisa. Swali la nyongeza: kwenye kwadratiki kuna njia tatu, vigawo, kukamilisha mraba, na fomula. Nitajuaje itumike ipi bila kupoteza muda kujaribu vigawo visivyokuwepo?

Mkokotoaji

Andika mlinganyo kama ax² + bx + c = 0, kisha anza na b² − 4ac. Inachukua sekunde chache na inakuambia kila kitu. Kama a, b na c ni namba kamili na b² − 4ac ni mraba kamili (0, 1, 4, 9, 16, 25…), vigawo vya namba kamili vipo. Ikiwa chanya lakini si mraba kamili, acha vigawo, tumia fomula. Ikiwa hasi, hakuna jibu kwenye namba halisi.

Mfano: 6x² + 7x − 3 = 0. Hapa 49 + 72 = 121, ambayo ni 11². Vigawo vipo. Zidisha a na c: 6 × (−3) = −18. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −18 na jumla yake ni 7: 9 na −2. Vunja kipande cha kati:

6x² + 9x − 2x − 3 = 0
3x(2x + 3) − 1(2x + 3) = 0
(3x − 1)(2x + 3) = 0
x = 1/3 au x = −3/2

Panapoharibika ni mstari wa pili. Ukitoa −1 nje ya −2x… hapana, unatoa −1 nje ya jozi yote −2x − 3, kwa hiyo ndani panabaki 2x + 3, zote chanya. Wanaosahau wanaandika 2x − 3, mabano hayafanani, na wanadhani njia imeshindikana. Mabano mawili yasipofanana baada ya kuhakikisha zao na jumla, tafuta kosa la alama kabla ya kubadilisha njia.

Mfano wa pili: x² − 6x + 2 = 0. Hapa 36 − 8 = 28, si mraba. Fomula inatoa x = (6 ± √28)/2. √28 ni 2√7, basi x = (6 ± 2√7)/2 = 3 ± √7. Kosa la kawaida ni kugawanya 6 peke yake na kuandika 3 ± 2√7. Mstari wa sehemu unafunika kiasi chote.

Kukamilisha mraba kwenye kozi hii hutumika zaidi kupata ncha ya parabola. x² − 6x + 2 ni (x − 3)² − 9 + 2, yaani (x − 3)² − 7. Ncha iko kwenye (3, −7). Ile −9 inatoka kwenye nusu ya −6 iliyopandishwa kipeo cha pili. Umeiongeza ndani ya mabano, lazima uitoe nje.

Penseli_Mkononi

Nijibu lile la mtihani. Kwenye zoezi la nyumbani kichwa cha sehemu kimeshakutajia njia: ukurasa umeandikwa "kutafuta vigawo", unatafuta vigawo. Mtihani hautaji. Kuchagua njia ni kazi tofauti na kuitekeleza, na mtu asiyefanya mazoezi ya kuchagua hana pa kuipatia siku ya mtihani. Halafu kuna mfano uliotatuliwa pembeni. Ukiuangalia katikati ya swali, unachopima ni uwezo wa kunakili.

Dawa yake ni kuchanganya. Kila wiki chukua maswali mawili matatu kutoka kila sura iliyokwisha, yaandike kwenye karatasi bila kichwa, yapange ovyo. Kabla ya kutatua, andika kando ya kila moja njia utakayotumia na kwa nini. Kisha tatua kitabu kikiwa kimefungwa. Swali ulilokosa lirudie siku mbili au tatu baadaye tangu mwanzo, siyo papo hapo wakati jibu bado liko kichwani.

Makosa yagawe: kosa la alama, kosa la sehemu, njia isiyofaa, swali kutosomwa vizuri. Baada ya majaribio mawili utaona moja linatawala, na hilo ndilo la kufanyia kazi. Muda unaopendekezwa vyuoni ni angalau saa 2 za kusoma kwa kila saa 1 ya darasani, na usizikusanye zote siku moja.

Kikokotoo: kitumie kukagua. Na kiandikie mabano. (6 + √28) ÷ 2 ni takriban 5.6458. Ukibonyeza 6 + √28 ÷ 2 bila mabano utapata 8.6458, na hakitakuonya. Vilevile −3² vikokotoo vingi vitakupa −9. Ukitaka mraba wa −3 andika (−3)².

Kalamu_na_Karatasi

Nashukuru. Yamebaki mawili: maswali ya maneno, hasa ya michanganyiko, na alama ya f(x). Nikiambiwa f(x) = x² − 3x, tafuta f(x + 2), naona kama ni x² − 3x + 2.

BiHesabu

x² − 3x + 2 ni f(x) + 2: umetoa jibu la fanksheni kwanza, ndipo ukaongeza 2. f(x + 2) inataka 2 iongezwe kabla, kwenye kile kinachoingizwa. Andika fanksheni ikiwa na mabano matupu: f( ) = ( )² − 3( ). Kisha jaza x + 2 kwenye kila nafasi:

(x + 2)² − 3(x + 2) = x² + 4x + 4 − 3x − 6 = x² + x − 2

Hakiki kwa namba. Ukiweka x = 2, f(4) ni 16 − 12 = 4, na 4 + 2 − 2 = 4. Ile yako inatoa 0. Usihakiki kwa x = 1 hapa, kwa sababu zote mbili zinatoa 0 na utadhani uko sawa. Kwa ukaguzi chagua namba kama 2, 3 au 5, na epuka 0 na 1 zinazoficha makosa.

Penseli_Mkononi

Michanganyiko: fuatilia kiasi cha kitu safi, siyo asilimia. Asilimia hazijumlishwi, lita zinajumlishwa. Tuseme unahitaji lita 20 za myeyusho wa 25%, na unao wa 10% na wa 50%. Ule wa 50% uwe lita x. Wa 10% ni lita 20 − x. (Wengi huandika x − 20, na mwishoni wanapata ujazo hasi.)

0.5x + 0.1(20 − x) = 0.25 × 20
0.5x + 2 − 0.1x = 5
0.4x = 3
x = 7.5

Lita 7.5 za ule mkali na 12.5 za ule hafifu. Pima kwa akili: 25 iko karibu na 10 kuliko 50, kwa hiyo hafifu lazima uwe mwingi. Ungepata kinyume ungejua umebadilisha x. Na sentensi ya "x ni nini", pamoja na kipimo chake, iandike kabla ya mlinganyo. Maswali mengi ya maneno yanakosewa mwishoni kwa sababu mtu ametafuta x akasahau kwamba swali liliuliza ile 20 − x.

Mkokotoaji

Na kwa kuwa logarithimu ziko mwishoni mwa mtaala wako, utakutana tena na majibu bandia huko. log₂ x + log₂(x − 2) = 3. Kujumlisha logi ni kuzidisha ndani, hivyo log₂[x(x − 2)] = 3, yaani x² − 2x = 2³ = 8, yaani (x − 4)(x + 2) = 0. −2 inakataliwa kwa sababu logi ya namba hasi haipo kwenye namba halisi, inabaki 4. Ila usiigeuze kanuni: log₂(8 + 8) ni log₂ 16, yaani 4, wakati log₂ 8 + log₂ 8 ni 6. Andika pembeni x > 2 kabla ya kuanza, kama ulivyoandika x ≠ 3 kule kwenye (b).